Mizunguko Ishirini Niliyompa Senga

Mimi umeme niliujua kwa mgongo kabla sijaujua kwa kichwa. Ulinitupa ukutani siku yangu ya tatu ya kazi, kwenye karakana moja ya Nakivubo, Kampala, na nilipoinuka mwalimu wangu hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza kama waya umekatika.

Ninyi wa kidato cha tano na sita mnausoma mkiwa mmekaa. Shukuruni. Mjukuu wangu Apiyo yuko kidato cha sita, na Jumapili moja alikuja na daftari lake la fizikia akalitupa mezani kwangu, akasema somo la umeme na sumaku litamuua. Nikamwambia mimi lilinijaribu mara nne likashindwa, asome kwa sauti tusikie. Akasoma kurasa tatu. Sikuelewa kitu, mpaka alipofika kwenye mchoro wa koili. Hapo nikamnyang'anya daftari nikaanza kusema mimi, chai ikapoa. Ndiye aliyenishika niyaandike haya kwa ajili ya klabu yao ya sayansi. Shule mimi niliiachia darasa la tano, kwa hiyo mkikuta kosa la kuandika lirekebisheni mkiendelea, msinisubiri.

Kazi yangu ilikuwa kusuka mota. Mota ikiungua unaifungua, unakata shaba iliyoungua, unahesabu kila koili ilikuwa na mizunguko mingapi ya waya, halafu unasuka mpya, mizunguko ileile, waya wa unene uleule. Unaipaka vanishi, unaikausha, unaifunga. Nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, na ukiniuliza siri yake nitakwambia ni moja tu: kuhesabu. Mnacheka. Ngojeni.

Aliyenifundisha ni Papa Bahati, Mkongo wa Bukavu, mfupi, mlokole, mwenye masikio makubwa aliyoyatumia kusikiliza mota kama daktari anavyosikiliza kifua. Siku ya kwanza alinipa msumari, waya na betri ya tochi. Akaniambia nizungushe waya kwenye msumari mara kumi, niunganishe na betri, niokote pini. Nikaokota pini mbili. Akasema zungusha arobaini. Nikaokota rundo zima. "Njo vile," akasema. "Kila muzunguko ni mutu mumoja anasukuma. Weye ukiiba muzunguko, umefukuza mutu kazini." Nilipotoa betri, pini zikaanguka zote. Apiyo anasema jambo hilo kwenye daftari lake linachukua ukurasa na nusu. Ni hivi: mkondo ukipita kwenye waya, waya unakuwa sumaku, ukiukunja mara nyingi, sumaku inakua, ukiukata mkondo, sumaku inakwenda zake.

Na huo mkondo msidhani unaliwa. Mimi nilidhani hivyo miaka miwili, kwamba taa inakula umeme kama ng'ombe anavyokula majani. Papa Bahati akanionyesha mnyororo wa baiskeli. Ukikanyaga pedali, mnyororo unakwenda nyuma, unazungusha gurudumu, unarudi mbele. Umepungua? Haukupungua hata pingili moja. Kilicholiwa ni nguvu ya mguu wako. Basi nguvu unayokanyagia ndiyo volti. Mnyororo unavyopita, pingili ngapi kwa dakika, ndio mkondo. Mlima wa Kololo ulio mbele yako ndio ukinzani. Mlima ukiwa mkali na mguu ni uleule, mnyororo unakwenda polepole. Hiyo ndiyo sheria mnayoandika kwa herufi tatu. Na ukikata mnyororo mahali pamoja tu, baiskeli yote imelala, ndiyo maana umeme hautaki njia iliyokatika.

Sasa njiti. Karakana yetu ilikuwa kwenye kibaraza, na Nakivubo watu ni wengi kuliko nzi. Kila anayepita anakusalimu. Salamu za Waganda si za kukohoa tu ukaendelea. Mtu anakuuliza umelalaje, unamjibu, anasema mmm, unasema mmm, anauliza habari za huko utokako, unasema nzuri, anakupongeza kwa kazi, unampongeza kwa yake, mmm, eee, mpaka pumzi zenu zitulie pamoja. Ukikatiza umemtukana. Sasa wewe uko mzunguko wa ishirini na saba. Papa Bahati akaweka sheria: fundi anayehesabu anauma njiti ya kiberiti. Mwenye njiti mdomoni hasalimiwi, na akisalimiwa hajibu. Mtaa mzima ulijua. Hata wauza karanga walipita kimya wakituona na njiti. Na ukipoteza hesabu, sheria ya pili: unafungua koili yote, unaanza moja. Hakuna kukisia.

Huko Kyebando kulikuwa na kinu cha kusaga mahindi cha mzee mmoja tuliyemwita Salongo, maana alikuwa baba wa mapacha. Alikuwa na binti, Nakimuli. Mara ya kwanza alikuja karakana ametumwa na baba yake, swichi ya kinu imeharibika. Nikaitengeneza. Wiki iliyofuata akaja tena na swichi ileile, skrubu moja imelegea. Mara ya tatu niliifungua swichi, nikaichungulia ndani na nje, haikuwa na ugonjwa wowote. Nikamtazama Nakimuli, akatazama barabara. Nikaelewa. Papa Bahati alielewa tangu mara ya kwanza, akaniambia sumaku huwa haivuti shaba, inavuta chuma, kwa hiyo nijichunguze mimi ni nini.

Shida ilikuwa Salongo. Mimi baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, nimekulia kambini, na Kiswahili ndicho nilichonyonya. Salongo alisema Kiswahili maishani mwake amekisikia mara mbili, na mara zote mbili askari walimwambia alale chini. Kumpa binti mtu wa lugha hiyo, hapana. Tena kulikuwa na mwenzangu anayeposa, mwenye duka la vitambaa, Mganda wa ukoo unaojulikana. Mimi nilikuwa na vidole vyenye vanishi.

Halafu Mungu akaunguza kile kinu.

Nasema Mungu, lakini ni wafanyakazi. Walisaga mahindi yaliyonyeshewa, kinu kikakwama, nao wakaacha swichi imewashwa wakaenda kutafuta fimbo ya kuyachokonoa. Sikilizeni hapa, mtihani huuliza. Mota inapozunguka inatengeneza umeme wake yenyewe ndani, unaoupinga ule unaoingia. Ndio unaouzuia mkondo usiwe mwingi. Mota ikisimama na swichi imewashwa, mpinzani hayupo, mkondo unaingia kama maji kwenye mlango uliovunjwa. Na joto haliongezeki sawa na mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Waliporudi na fimbo, kinu kilikuwa kinanuka kama nywele zilizoungua.

Salongo akaileta mota kwetu kwenye mkokoteni, mwenyewe, amevaa koti juu ya kanzu. Akaniambia kwa Luganda, mbele ya Papa Bahati, maneno ambayo naweza kuyarudia leo bila kukosea: "Kijana, nasikia una neno na binti yangu. Kinu hiki kikisaga, nitakaa nikusikilize. Kikiungua tena, utafute mke huko kwenu."

Nikamwambia sawa, sebo, yaani bwana. Wiki hiyo Papa Bahati alikuwa na maombi ya siku tatu kanisani kwao, kwa hiyo mota ilikuwa mikononi mwangu peke yangu. Nilifungua, nikahesabu: kila koili mizunguko arobaini na miwili. Nikaanza kusuka nikiwa na njiti mdomoni, na nilisuka vizuri kama mtu anayejisukia mwenyewe nyumba.

Nilikuwa koili ya mwisho, mzunguko wa kumi na nne, akaja mama mmoja mnene amevaa gomesi ya zambarau na mkeka umekunjwa kwapani. Sijapata kumwona. Akasimama mbele yangu, akasalimu. Nikamwonyesha njiti. Hakuwa wa Nakivubo, njiti hakuijua. Akasalimu tena, taratibu zaidi. Jirani yangu muuza pasi akaninong'oneza kwa nyuma: "We Okello. Huyo ni senga."

Kama wewe si Mganda nikueleze. Senga ni shangazi wa binti. Ndiye anayemfunda, ndiye anayekuchunguza, na akisema hapana hata baba mzazi hapati neno. Alikuwa amekuja kunitazama bila kutangaza, kama wanavyofanya. Sasa fikirini. Nikikaa kimya na njiti yangu, mimi ni yule mtoto wa kambini asiyejua kusalimu. Nikitoa njiti, mota. Nilikuwa na sekunde mbili, na katika sekunde mbili mtu hufanya kile moyo unachotaka halafu akili inakuja baadaye kutafuta sababu.

Nikatoa njiti. Nikamjibu kwa Luganda, nyabo, yaani mama, tumelala vyema. Mmm, akasema. Mmm, nikasema. Akaniuliza habari za nyumbani, za baba, za mama, za mvua ya kaskazini. Nikamwuliza za kwake, za watoto, za migomba. Akaniambia migomba yake ina ugonjwa, nikasikitikia mgomba mmoja baada ya mwingine. Tulimaliza salamu, na bado hakuondoka, akakaa akinitazama mikono. Nikarudisha njiti mdomoni, nikashika waya.

Kumi na nne, au thelathini na nne? Nilijua ina nne. Sheria ya pili nilikuwa naijua kama jina langu: fungua yote, anza moja. Lakini kufungua mbele ya senga, aseme huyu kumbe hajui anachofanya? Nikajiambia ni thelathini na nne. Nikaongeza minane, nikafunga. Nilipoilaza koili kwenye nafasi yake ndani ya chuma ilikaa kwa raha, ina nafasi, wakati zile nyingine zilikuwa zimebanana. Badala ya kushtuka nikajisifu kwamba hii ndiyo niliyoisuka kwa ustadi kuliko zote.

Alipoondoka alisema tu, "Gyebale, mwanangu." Pongezi ya kazi. Nilipiga mluzi mpaka jioni.

Siku ya kuwasha, Kyebando, niliwakuta wazee wanne wamekaa kwenye viti mbele ya kinu, kanzu nyeupe zimepigwa pasi, na senga kwenye mkeka. Nakimuli alikuwa dirishani anajifanya anapembua maharage. Papa Bahati alikuwa amerudi, akanisindikiza. Akaweka sikio kwenye mota kabla haijawashwa, nafikiri kwa mazoea tu.

Nikawasha. Kinu kikazunguka, watu wakapiga makofi, halafu unga ukatoka kule yanakoingilia mahindi, ukapanda juu, ukawashukia wazee. Mzee mmoja alibaki macho tu. Ilikuwa inazunguka kinyume.

Hilo halikunitisha. Umeme wa kinu ni wa nyaya tatu, na nitawaambia unavyofanya kazi ili msikariri. Mmeona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja cha mbao? Wa kwanza anapiga, wa pili, wa tatu, hawagongani mchi, na pigo linazunguka kuelekea kulia. Hizo ndizo nyaya tatu, kila mmoja anasukuma kwa zamu yake, na sumaku inazunguka ndani ya mota ikiburuta kile chuma cha katikati. Sasa badilisha wanawake wawili mahali pao. Pigo litazunguka kuelekea kushoto. Ndivyo nilivyofanya: nikazima, nikabadilisha nyaya mbili, nikawasha. Unga ukatoka panapotakiwa. Wazee wakajipangusa, wakacheka, Salongo mwenyewe alicheka. Nikaona harusi.

Lakini nilimwona Papa Bahati. Masikio yake yalikuwa yamesimama. Mota ilikuwa inanguruma, si kwa sauti ya kawaida, inachechemea: mmm-um, mmm-um, kama watwangaji watatu ambao mmoja wao amepewa mchi wa mtoto. Akaniangalia, akanyanyua kiganja.

Hicho kiganja ndicho kilikuwa kipimo chetu. Hatukuwa na kipimajoto. Mota ikishasaga kidogo unaweka kiganja juu yake na kusema Baba Yetu wa Mbinguni. Ukifika Amina mkono ungali pale, mota ni nzima. Ukiutoa katikati, ina homa. Ninyi msifanye, vipimo vipo siku hizi, na mota yenye waya uliochubuka haitakungoja useme hata Baba. Sisi tulikuwa wajinga wenye bahati.

Nikaweka kiganja, nikaanza kwa sauti ndogo, Baba yetu uliye mbinguni. Mzee mmoja akasikia, akavua kofia. Wakavua wote. Wakadhani nakibariki kinu. Wakainama, senga akafumba macho, wateja wenye mabeseni ya mahindi wakaweka mabeseni chini, na ua mzima wa Kyebando ukawa unasali pamoja nami kwa Luganda, mimi kwa Kiswahili. Tulipofika "utupe leo riziki yetu", mkono ulikuwa unaungua. Nikaushikilia mpaka "utusamehe makosa yetu". Nikautoa.

Watu wakaendelea mpaka Amina wakiwa wenyewe. Salongo akafumbua macho, akaniuliza mbona nimekatiza sala.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, hayo mengine yote ni mapambo. Ile mota ingesaga siku ile. Ingesaga pengine hadi kesho yake saa nne. Mimi ningekuwa nimekaa kwenye kiti, nimesikilizwa, nimekubaliwa, na ikiungua ningesema volti za mjini zimepanda, kila fundi wa Kampala amesema hivyo angalau mara moja. Nani angejua? Papa Bahati tu, na yeye alikuwa anatazama mbingu. Ilikuwa ni mimi na swichi.

Nikazima.

Nikasema, "Sebo, kuna koili moja nimeisuka vibaya. Ina mizunguko pungufu. Waya ukiwa na mizunguko michache haupingi umeme vya kutosha, unavuta mkondo mwingi, unapata joto. Ikiendelea itaungua. Naomba niirudishe Nakivubo."

Mabeseni ya mahindi yalikuwa yananitazama. Salongo akauliza ilikuwaje fundi asiweze kuhesabu hadi arobaini na mbili. Nikasema nilipotea hesabu. Akauliza nilipoteaje. Nikasema nilipotea mwenyewe, sebo. Sikumtazama senga. Nilitazama viatu vyangu, vilikuwa na unga.

Senga akasimama kutoka kwenye mkeka, taratibu, kama mtu anayeinuka na mzigo. "Salongo, mimi ndiye niliyempoteza. Nilimkuta na kijiti mdomoni anahesabu, nikamsalimu mara mbili. Akakitoa akanijibu mpaka mwisho, hadi migomba yangu. Yule wa vitambaa nilimsalimu akanijibu macho yake yako kwenye gazeti."

"Kwa hiyo, dada?" akasema Salongo. "Hawa watu wameleta mahindi. Nitasaga heshima?"

"Heshima haisagiki. Lakini mwongo angekuachia kinu kiungue usiku, wewe ukiwa umeshampa mtoto. Mpe wiki moja. Na nitakwenda kukaa naye mimi mwenyewe, asimsalimu mtu."

Tukaibeba. Njiani tukasukuma mkokoteni mpaka tukavuka barabara ya Bombo. Halafu Papa Bahati akaniuliza, "Ulihesabia na mudomo ao na kichwa?" Nikamwambia na moyo, Papa. Akacheka mpaka akaegemea mkokoteni. Tulipoikata ile koili tukahesabu: ishirini na miwili. Nilikuwa nimemsalimia yule mama mizunguko ishirini kamili.

Vanishi ikishakauka huwezi kuchomoa koili moja kama jino. Ilibidi nifungue yote, nisuke yote upya. Asubuhi ya kwanza senga akaja kama alivyoahidi, akatandika mkeka kwenye mlango wa karakana, akakaa, na kila aliyefungua mdomo kunisalimu alimjibu yeye, salamu nzima, kwa niaba yangu. Lakini hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikuwa anasuka mkeka wa ukindu, huku anaongea, anacheka, anamgombeza muuza pasi, na hakupotea mahali hata mara moja. Mimi nilikuwa na njiti mdomoni na jasho usoni. Nilipomaliza koili ya kwanza nikaitoa njiti nikamwuliza, nyabo, wewe unahesabuje huku unaongea?

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa ugali unaliwa na mkono upi. Akanionyesha ukingo wa mkeka. Kila miyaa kumi alikuwa amefunga uzi mdogo wa ukindu wa zambarau. "Kwa nini nihesabu hadi mia, mwanangu? Nahesabu hadi kumi. Hizo nyingine anahesabu uzi."

Nikageuka kumtazama Papa Bahati. Alikuwa anakwangua chuma kilichokwisha kukwanguliwa. Miaka ishirini na zaidi alikuwa anauma njiti, amewafukuza wanafunzi wawili kwa kupoteza hesabu, amegombana na nusu ya Nakivubo kwa kutojibu salamu, na hakuna hata siku moja wazo hilo lilipita karibu na masikio yale makubwa. Akasema tu kwamba Bukavu wanaujua utaratibu huo tangu zamani. Njiti hatukuiona tena mdomoni mwake.

Senga akanichania nyuzi za ukindu. Kila mizunguko kumi, uzi. Kumi, uzi. Nikasuka huku nikisalimu watu, na kazi ikaenda mbio kuliko zamani. Nilipofika arobaini na miwili, nikataka kukata waya. Senga akauliza mbona sijaweka nyongeza.

Mnajua nyongeza. Ukinunua rundo la nyanya Nakivubo, muuzaji anakuongezea moja juu, asipokuongezea hurudi tena kwake. Nikamweleza kwamba mota si nyanya, nyabo. Akasema mtu anayepeleka kitu kwa mkwe bila nyongeza anataka nini kwa mkwe. Nikamtazama Papa Bahati aniokoe. Papa Bahati akafikiri, akasema ukiongeza mmoja kwenye koili moja tu umeharibu, wale watwangaji hawatalingana. Ukiongeza mmoja kwa zote sawasawa, mkondo unapungua kidogo, mota inakaa na ubaridi zaidi, nguvu inapungua kiasi ambacho mahindi hayatagundua. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayelipa kisasi cha ukindu, lakini ilikuwa kweli. Tukasuka arobaini na mitatu zote.

Sitawachosha na siku ya pili ya Kyebando. Mlio ulikuwa mmoja, umenyooka. Nikaweka kiganja, kofia zikavuliwa. Nikafika Amina, mkono uko pale, vuguvugu kama mgongo wa mbuzi. Salongo hakufumbua macho. Akaniambia, "Anza tena." Tukasema mara tatu. Halafu akaagiza viti viwili, na akasema neno la kwanza la Kiswahili nililowahi kumsikia akilisema. Akasema, "Keti."

Sasa Apiyo ananiambia maandishi yamekuwa marefu na sijagusa transfoma wala kapasita. Kapasita ni kama mkwe, unadhani amesahau, kumbe ameweka. Usimguse kabla hujamtuliza, hata swichi ikiwa imezimwa tangu jana. Transfoma mwulizeni mwalimu wenu, anajua kuliko mimi.

Nimalizie na hili. Kinu cha Kyebando kingali kinasaga, sasa ni cha shemeji yangu. Mwaka jana beringi zake zilikwisha, wakaileta mota nyumbani kwangu kwa sababu hawataki aiguse mtu mwingine. Apiyo akanishikia taa. Chini ya vanishi iliyokuwa nyeusi kama molasi, nyuzi za ukindu zilikuwapo bado, zambarau imefifia, kumi, kumi, kumi, kumi. Senga tulimzika kitambo, kazi yake iko pale. Nikataka kuhakikisha ile koili ya mwisho. Nikauma njiti, kwa raha tu za kizee, nikaanza kupitisha ncha ya bisibisi waya kwa waya.

Nilikuwa nimevuka uzi wa pili Nakimuli akatokea mlangoni na chai. "Gyebale ko, sebo."

Nikatoa njiti. Nikamjibu, nikamwuliza za jikoni, akaniuliza za mgongo, mmm, eee, mpaka tukatulia. Apiyo akanong'ona kwamba babu, umepoteza hesabu. Nikaweka bisibisi kwenye uzi wa pili, nikaendelea. Thelathini. Arobaini. Arobaini na moja, na mbili, na tatu.